Mashine ya kurusha mipira ya besiboli imeingia ushetani, mmoja chini mwingine juu ya paa: msaada wadau (Malindi)

KejiMalindi
Salaam wadau. Tuna mashine ya kurusha mipira hapa Malindi, ile ya matairi mawili, moja juu moja chini, unatumbukiza mpira katikati unafyatuka kwenda kwa mpigaji. Ililetwa na mgeni mmoja Mmarekani alikuwa anakuja kila msimu, alipoacha kuja akawaachia vijana na ndoo mbili za mipira na helmeti nne. Mwaka wa kwanza raha tupu, unaseti mara moja watoto wanapiga mpaka magharibi.

Sasa tangu masika yaishe haieleweki. Mipira kumi ya kwanza inakwenda sawa, halafu inaanza kuinama inama, ukifika wa ishirini unapiga chini mita mbili kabla ya mpigaji, unasema haya niongeze kidogo, unaofuata unapaa mpaka juu ya neti. Mtoto hajui aangalie chini au ajifunike kichwa. Na ina mlio nguuuu na harufu ka ya nywele zilizoungua. Nilimpelekea fundi wa bodi za umeme mjini, kakaa nayo wiki nzima, kabadilisha kile kitufe cha kuzungusha spidi na vidude vingine kwenye bodi, elfu nne mia tano, kairudisha iko vilevile. Wala sikugombana naye, lakini roho iliniuma.

Kwa sasa ili iende sawa nimefungua spidi ya tairi la chini mpaka saba na la juu liko nne. Zamani zote zilikuwa tano tano. Nani ameshawahi kuishika hii kitu?

MtaaniMuyeye
Besiboli Malindi hii hii??? Mimi nilidhani ile neti pale kiwanjani ni ya kufugia kuku 😂😂

KejiMalindi
@MtaaniMuyeye cheka tu. Uganda watoto wao walifika mashindano ya dunia ya Little League, besiboli ya watoto, kule Williamsport Marekani 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika, na wao walianza na kuchekwa vilevile.

MtaaniMuyeye
Sawa kaka sijakataa. Basi nikija mnipe kirungu nipige miwili mitatu.

FundiStima
@KejiMalindi kabla hatujafungua chochote nijibu haya. Mashine ni ya Marekani kwa hivyo ni ya volti 120, sisi hapa ni 240, watumia transfoma gani ya kushushia? Imeandikwa wati ngapi? Iko wapi, nyumbani au kiwanjani? Waya kutoka kwa soketi una urefu gani? Na kibandiko cha mota kinasemaje.

Watu wengi wanakimbilia bodi. Bodi ndio ya mwisho, anza na kile kinachoingia.

KejiMalindi
Transfoma imeandikwa 500W, iko ndani kwa mzee jirani anayetupa stima, halafu ekstensheni ya mita ka sitini mpaka kwenye keji, pale ndani ya neti tunapopigia. Nusu yake huwa imebaki kwenye rili kwa sababu ni ndefu. Mota zote mbili zimeandikwa 1/4 HP, 90V DC. Transfoma huwa inachemka kweli, juzi paka alikuwa amelala juu yake.

MtuWaNairobi
Shida ni hezi bro, yaani stima inageuka mara ngapi kwa sekunde. Marekani wanatumia 60 sisi 50 so mashine inazunguka polepole. Huwezi toka hapo, uza.

FundiStima
@MtuWaNairobi hapana ndugu yangu. Ingekuwa mota za kawaida za AC, yaani stima ya kugeuka geuka, hapo ungekuwa na neno, zingepungua mzunguko kama moja ya sita. Hizi ni DC, stima ya upande mmoja, bodi inageuza stima kwanza, hezi haziamui spidi. Ila transfoma iliyotengenezwa ya 60 peke yake ukiiweka kwa 50 inapata moto zaidi, hilo ni kweli.

@KejiMalindi sasa sikiza. Robo ya nguvu ya farasi, hiyo 1/4 HP, ni kama wati 186, mbili ni 373, na hiyo ni nguvu inayotoka kwenye shafti, inayoingia ni zaidi. Halafu wakati wa kuwaka mota inavuta mara kadhaa ya hapo. Transfoma yako ya 500 inalia kila siku. Tafuta ya 1500 hivi. Ukiipata usiiweke kwa mzee, ihamishie kiwanjani karibu na mashine, waya mrefu ubebe 240. Kazi ileile ikiwa 240 ampia zinakuwa nusu, kwa hivyo waya haukunywei volti njiani. Sasa hivi wapeleka 120 mita sitini, zinafika zimechoka. Na hiyo rili ifungue yote, waya uliozungushwa ukibeba mzigo unapikana wenyewe. Ila hiyo 240 ikitoka nje lazima iwe na ethi, ule waya wa ardhini, na swichi ya kukata stima ikivuja, si mchezo, mna watoto miguu mitupu kwenye nyasi zenye umande.

Ukiwasha, vitufe vyote viwe sifuri, washa tairi moja lishike mwendo ndio la pili. Chukua testa pima kwenye mashine kabla ya kuwasha na baada ya kuwasha, uniletee namba.

KejiMalindi
Nimepima. Kabla 118, zikiwaka zote mbili 97. Ntaazima transfoma kubwa kwa jamaa mmoja wa hoteli alikuwa anatumia kwa friji ya Kimarekani.

FundiStima
97! Na wewe walaumu bodi.

Kriketi_Pwani
Hodi hodi. Mimi ni wa kriketi, tuna mashine ya aina hiyohiyo ya matairi mawili kule tunakofanyia mazoezi. Wadogo hamjui ila Kenya hii ilifika nusu fainali ya kombe la dunia la kriketi 2003, tukatolewa na India Durban, kwa hivyo mashine za kurusha mipira si kitu kigeni hapa.

Nakubali ya stima ila msisahau vitu vya kijinga, maana nusu ya siku nilizoita fundi haikuwa stima.

Mipira kwanza. Ndoo yako ina mipira ya aina moja? Ukichanganya mpya na iliyochakaa, mikavu na iliyolala nje ikanyonya umande, kila mmoja utatoka na mwendo wake hata mashine iwe imetoka dukani leo. Mpira wa besiboli ni gramu 142 mpaka 149 ukiwa mkavu, wa ngozi ukilowa unazidi hapo na unateleza kwenye tairi. Na ile mishono ya ngozi, ikiingia mara hivi mara vile, mpira unatoka umepinda. Ndio maana mipira ya mashine ina vishimo vishimo ka wa gofu, haina mshono. Kama mnayo ya ngozi wekeni ya mechi.

Halafu matairi. Pitisha kidole. Yaking'aa ka kiatu cha arusi jua yanateleza. Chomoa plagi, chukua msasa, usugue kidogo tu utoke ule mng'ao, pangusa na kitambaa chenye spiriti. Usiweke mafuta! Kuna kijana wetu alipaka mafuta ya viti vya gari ili "ipendeze", mpira wa kwanza ulitoka ka sabuni mkononi. Na kama yanajazwa upepo hakikisha yote mawili yana upepo sawa, angalia pembeni ya tairi imeandikwa kiasi gani.

Mwisho miguu. Malindi ni mchanga. Kila ukifyatua mashine inarudi nyuma kidogo na mguu unazama. Baada ya mipira ishirini si mashine ileile, inaangalia mbinguni.

KejiMalindi
@Kriketi_Pwani miguu tumeweka juu ya mawe ya matumbawe, yale ya kujengea. Lakini moja limevunjika, umenikumbusha. Mipira tunachanganya kweli, hata ya tenisi tunaweka siku za watoto wadogo.

Kriketi_Pwani
Ya tenisi haina noma kwa wadogo, haiumizi, ila usichanganye kikao kimoja. Besiboli ni milimita 73 mpaka 75, tenisi ni 65 mpaka 68 hivi. Pengo la matairi lazima libane mpira, ukiseti kwa besiboli ukaingiza tenisi unapita umelegea, ukiseti kwa tenisi ukaingiza besiboli unaisonga mota.

Nahodha_Amu
Assalam aleikum vijana. Mimi niko Amu, yaani Lamu, kazi yangu ni injini za boti, miaka thalathini na zaidi. Huo mchezo siujui wala mashine yenyewe sijaiona kwa mato yangu, lakini mota naijua na chumvi naijua. Hapa kwetu gari hakuna za kuhesabu, punda na boti, kwa hivyo kila kinachoharibika kimeharibiwa na maji ya chumvi au na mwenyewe.

@KejiMalindi mwanangu, umesema jambo moya na hakuna aliyelishika. Umesema zamani vitufe vilikuwa tano tano, sasa la chini umefungua saba. Basi mashine imeshakwambia ugonjwa uko wapi. Uko chini. Transfoma ndogo ingezichosha mota zote mbili pamoja, mpira ungekwenda polepole lakini sawa. Wako wainama. Tairi la chini likichelewa la juu lautangulia mpira, mpira wazungushwa kwenda mbele, lazima uiname. Wewe wafungua la chini zaidi ili usimame. Halafu ghafla la chini lapata stima yake yote, sasa lina saba dhidi ya nne, mpira wazungushwa nyuma na kasi imezidi, wapaa. Kitu cha kushika na kuachia hivyo katika mota ya DC ni kaboni, vile vipande vyeusi vya kupitisha stima kwa sehemu inayozunguka.

Lakini usiniamini mimi. Fanya hivi: zima, chomoa, badilisha plagi za mota mbili kule kwa bodi. Ya chini ichukue stima ya juu, ya juu ichukue ya chini. Weka vitufe sawa, washa. Tairi la chini likiendelea kulegea, ugonjwa uko kwa mota. Ugonjwa ukihamia tairi la juu, uko kwa bodi na yule fundi hakumaliza kazi. Dakika tano, wala haihitaji pesa.

FundiStima
Ami shikamoo. Hapo umenishika, nilikimbilia stima nikasahau kusoma vizuri 🙏🏾

Nahodha_Amu
Marahaba. Ya stima pia ni kweli, 97 ni kidogo. Ugonjwa waweza kuwa miwili.

KejiMalindi
Ami shikamoo na ahsante sana. Nimerudi na majibu, kaeni chini.

Transfoma ya kuazima nimeiweka kiwanjani, rili nimefungua yote, sasa zikiwaka zote mbili nasoma 112. Mlio umepungua. Mipira ya kwanza imekwenda na nguvu ambayo sijaiona muda mrefu. Nikasema tumemaliza, kumbe wapi, wa kumi na tano ukainama.

Nikabadilisha plagi ka alivyosema Ami. Tairi la chini likalegea vilevile, la juu halina habari. Kwa hivyo mota ya chini.

Kwenye mwili wa mota kuna vifuniko viwili vyeusi ka vizibo, kimoja kila upande, vina mfereji wa bisibisi. Cha kwanza kimefunguka vizuri, kaboni imechomoka na springi yake, urefu ka sentimita moja na nusu. Cha pili kimekataa. Nimetia mafuta ya kulegeza kutu nje yake nikangoja, nikajaribu tena, kikavunjika nusu. Nimekitoa vipande vipande. Ndani springi imekuwa rangi ya kutu tupu, ukiigusa inamung'unyika, na kaboni imebaki nyembamba ka ukucha, halafu imekwama pembeni ya ile nyumba yake ya shaba kwa uchafu, haisukumiki mbele. Vumbi jeusi limejaa, nimepuliza likanirudia usoni, mke wangu kaniuliza umetoka kuuza makaa.

Kwa hivyo ikipoa kaboni inagusa kidogo, ikipata moto inaachia. Elfu nne mia tano za bodi zimekwenda na upepo wa kusi.

MtaaniMuyeye
😂😂😂 kuuza makaa

Boda_Maweni
Hiyo kaboni si ndo ile ya grainda? Enda duka la vifaa pale sokoni zinauzwa pakiti ya mbili mia na kitu, paka msasa ifike saizi, weka, kazi inaendelea. Mimi ndivyo nafanya na drili.

FundiStima
@Boda_Maweni yafanya kazi lakini kwa masharti. Kaboni si zote sawa, ya grainda nyingi ni ngumu kidogo, mota ya namna hii ukiiwekea isiyo yake yaweza kukwaruza komyuteta, ile shaba ya mistari mistari inayozunguka katikati, na ikiharibika hiyo ndio unaanza kutafuta mtu wa kuichonga kwa lezi, ile mashine ya kuchonga chuma. Kama ni ya muda sawa. Chagua iliyo kubwa kuliko ya zamani, uisage na msasa uliolazwa juu ya kioo, iingie kwenye nyumba yake iteleze yenyewe bila kusukuma na bila kucheza cheza. Ikibana utarudi palepale. Badilisha zote mbili pamoja, usiweke mpya na nzee. Springi pia, usivute springi ya zamani ukadhani umeirefusha.

Komyuteta ikoje @KejiMalindi? Rangi ya kahawia ya chai ni nzuri, iache. Ikiwa na weusi wa kuungua isugue na msasa laini kabisa, usitumie ule wenye unga wa chuma, halafu futa mistari ile isibaki na vumbi.

KejiMalindi
Ina weusi sehemu moja tu. Nimeisugua. Kaboni za kufaa nimeagizia Mombasa kwa vipimo, nimepima upana na unene na kalipa ya mjomba, wamesema keshokutwa kwa matatu. Kwa sasa nimeweka za grainda nijaribu.

Nahodha_Amu
Ukiweka mpya usiende nayo mbio. Iwashe polepole bila mipira, nusu saa, saa moya, kaboni ijichonge ifuate uviringo wa shaba. Mwanzo itatoa cheche, zitapungua. Zisipopungua zima.

Na fungua ya juu pia uiangalie. Mota mbili zimelala chumba kimoja, chumvi haichagui.

Mvuvi_Mayungu
Wadau mimi nimekuja kwa neti, mashine siijui. Nimepita pale kiwanjani mara nyingi, hiyo neti yenu ya upande wa barabara ni ya jarife, mimi najua kwa sababu nilimuuzia mtu wenu. Jarife ni ya papa na samaki wakubwa, jicho lake mpira unapita ka dagaa. Siku moja mtamvunjia mtu kioo cha tuktuk.

KejiMalindi
@Mvuvi_Mayungu kumbe ni wewe 😅 Tumeshavunja, tukalipa. Tumeikunja mara mbili lakini bado mmoja mmoja unapenya.

Mvuvi_Mayungu
Kukunja haisaidii, macho yanahamahama. Tafuta ya nailoni nene iliyosokotwa, jicho lisizidi sentimita nne na nusu, mpira wenu si saba na kitu, utakamatwa. Wala msichukue ile ya uzi mmoja unaong'aa, kwanza haina nguvu kwa mpira na pia ni marufuku, mtapata maneno na watu wa samaki. Na juu usiifunge ikakaza ka ngoma, iache ilegee, mpira ukigonga ufe palepale. Ikikaza unarudi na nguvu zilezile. Jua nalo linakula nailoni, kila mwaka ishike uivute na vidole sehemu inayokaa juani mchana kutwa, ikikatika ka uzi wa kushonea toa.

Ticha_Michezo
Naomba niseme kitu ka mwalimu. Nimeona picha mliyoweka kule kwingine, kijana anaingiza mipira hana helmeti na amesimama wazi kabisa pembeni ya mashine. Mpigaji akiupiga mpira ukarudi moja kwa moja, huyo kijana ana muda gani wa kukwepa? Tengenezeni fremu ya chuma yenye umbo la L, ivalisheni neti, akae nyuma yake na helmeti yake kichwani. Mchomeleaji yeyote wa Malindi anaweza hata kwa mabomba ya zamani.

La pili, anayeingiza lazima ainue mpira juu mpigaji auone, kisha ndio autie. Si kuutumbukiza tu ka maembe ndani ya gunia.

La tatu ukizima, matairi yanaendelea kuzunguka muda mrefu. Watoto wanadhani ikizimwa imelala. Mpira ukikwama usitie mkono, zima, chomoa, ngoja yasimame kabisa kabisa, hesabu.

KejiMalindi
Ticha umesema kweli, na hii ya kukwama ilitaka kutuletea msiba. Kuna mtoto wa darasa la sita aliona mpira umekwama akapeleka mkono, bahati kaka yake alimvuta shati. Tangu siku hiyo tumechora mstari kwa chokaa chini, mita mbili kila upande, asiye na helmeti havuki. Fremu ya L namwendea mchomeleaji wiki hii.

Mtazamaji77
Na zile za mkono je? Niliona moja ughaibuni haina matairi, ina mkono unaozunguka halafu unafyatua ka manati.

Kriketi_Pwani
Hizo zina springi kubwa. Ukikutana nayo kumbuka hata ikiwa imechomolewa stima mkono unaweza kuwa umekamatwa na springi imejaa nguvu, ukiugusa tu unafyatuka. Watu wameumia vibaya. Usiingie kwenye njia ya mkono mpaka uhakikishe umeachia. Afadhali matairi.

By the way, hadithi ya hizi mashine ilianza na baruti, wallahi. Kuna mwalimu wa hesabu pale chuo kikuu cha Princeton Marekani, Charles Hinton, 1897 alitengeneza bunduki ya kurusha mpira wa besiboli. Fikiria uko pale unangoja mpira unasikia PAAA.

MtaaniMuyeye
Hiyo wangeileta hapa wazee wa Shela wangedhani Mreno amerudi.

KejiMalindi
RIPOTI. Kaboni za Mombasa zimefika, nimeziweka zote nne, juu na chini. Ya juu nayo ilikuwa imebaki nusu, Ami alijua. Nimeziacha zikazunguka saa nzima polepole, cheche zikaisha ka alivyosema.

Jana jioni upepo umetulia, vitufe tano tano, ndoo moja ya mipira ya vishimo tu, yote mikavu. Mipira hamsini. Nimeweka turubai nyuma ya mpigaji na alama ya chaki, arobaini na nne imegonga ndani ya kiduara cha ukubwa wa sinia ya pilau. Sita iliyokosa nimeangalia, minne ni mipira yenye mikwaruzo nimeitoa.

Sasa kitu nimegundua na nataka niwaachie wenye mashine. Hatuna kile kipima mwendo cha polisi. Nimechora mstari wa chaki kwenye tairi, nikarekodi na simu kwa ile video ya polepole ya picha 240 kwa sekunde, halafu nikahesabu mstari unachukua picha ngapi kurudi palepale. Tairi langu lina kipenyo cha sentimita 40.6, kwa hivyo mzunguko mmoja ni mita 1.28 hivi. Picha 17 ni ka kilomita 65 kwa saa, hiyo ndio naweka kwa watoto. Picha 11 inakaribia 100, hiyo ni ya wakubwa na mmoja tu ndio anaiweza. Mpira wenyewe unatoka chini kidogo ya hapo kwa kuteleza lakini yatosha. Na uzuri wake, nikipima la juu na la chini nikaona moja 17 na jingine 19 najua kuna kitu, hata kabla mpira haujainama.

FundiStima
Hii ya chaki nimeipenda, ntaiiba niitumie kwa feni.

Kriketi_Pwani
Safi sana. Mimi leo leo naipima ya kwetu. Beringi umeangalia?

KejiMalindi
Nimezungusha tairi na mkono, plagi imechomolewa. La juu linazunguka kimya. La chini lina mlio wa mchanga mchanga, krrr. Beringi imeandikwa 6203.

FundiStima
6203 ni shimo 17, nje 40, unene 12. Duka lolote la spea za pikipiki utaipata. Omba yenye kifuniko cha raba pande zote mbili, mwishoni huwa imeandikwa 2RS. Ile iliyo wazi hapo kwenu itakula mchanga wiki mbili. Ukiigonga kuiingiza gonga kwa duara la ndani maana ndilo linakaa kwenye shafti, usigonge la nje.

Nahodha_Amu
Na ya kuhifadhi: kila jioni ipanguse chuma na kitambaa kilicholowa maji matamu kikakamuliwa, kisha kikavu. Usiimwagie mpira wa maji. Boliti zipake griisi nyembamba. Hayo mafuta ya kopo ya kulegeza kutu usiyapulize ndani ya mota, kaboni haitaki mafuta. Na usiifunge na nailoni ikakaza, usiku yatoka jasho humo ndani, asubuhi imelowa kuliko ingelala nje. Ifunike na turubai, chini iachie ipumue. Miezi ya kusi upepo watoka baharini moja kwa moja, hapo kaboni ziangalie kila mwezi, kaskazi waweza kuchelewesha.

Mtazamaji77
Stima ikikatika naweza kuiendesha na inverta ya sola?

FundiStima
Inverta nzuri ya wimbi safi sawa. Zile za bei rahisi bodi za namna hii hazizielewi, spidi inapanda inashuka yenyewe. Jenereta ndogo isiyotulia vilevile.

KejiMalindi
Ami Nahodha, ukishuka Malindi pita kiwanjani. Watoto wanataka kumuona huyo mzee wa Amu aliyetibu mashine bila kuiona.

Nahodha_Amu
Nikishuka ntapita inshaallah. Mniwekee na kirungu, lakini kitufe kiwe picha 17, hiyo 11 waekee hao wakubwa wenu.